Je, Wajua? Kituo Kilichotaka Kufundisha Hesabu, Kikazaa Gumzo

Je, wajua kwamba skrini bapa ya plazma, ile iliyokuja kutundikwa ukutani katika sebule za wenye nazo, haikubuniwa kwa ajili ya televisheni? Ilibuniwa kwa ajili ya darasa. Mwaka 2002 wabunifu wake watatu walitunukiwa Emmy ya uhandisi, tuzo ya watu wa televisheni, ilhali walipoanza kazi hiyo mwaka 1964 walichokuwa wakitafuta ni namna ya kumwonyesha mwanafunzi swali la hesabu bila kukifilisi chuo.

Chuo hicho ni Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, katika miji pacha ya Urbana na Champaign, kusini mwa Chicago, mahali ambapo ukitoka nje ya mji unaingia kwenye mahindi na soya hadi macho yachoke. Hapo palikuwa na kituo cha utafiti kilichoitwa Computer-based Education Research Laboratory, kwa kifupi CERL, na mfumo wake wa kufundishia uliopewa jina la mwanafalsafa wa Kiyunani: PLATO. Silicon Valley inajulikana na kila mtu. Urbana hutajwa mara chache, na pengine wanaoikumbuka zaidi ni wapenzi wa sinema: katika filamu ya 2001: A Space Odyssey, ile kompyuta HAL inajitaja kuwa ilianzia Urbana, Illinois.

Kamati iliyoshindwa

Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik angani, na Wamarekani wakashikwa na hofu kwamba watoto wao wameachwa nyuma katika sayansi. Mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria ya kumwaga fedha katika masomo ya sayansi, hisabati na lugha. Pale Illinois mwanafizikia Chalmers Sherwin akauliza swali lililoonekana la kitoto: kompyuta tunazo, kwa nini zisifundishe?

Daniel Alpert, mkuu wa maabara iliyokuwa ikifanya utafiti wa kijeshi chuoni hapo, akaunda kamati. Akaweka wahandisi, wanasaikolojia, wanahisabati na watu wa elimu. Wakakutana, wakajadiliana, wakakutana tena, wasikubaliane hata mashine yenyewe iweje. Aliyewahi kukalia kiti cha kamati ya chuo hahitaji kusimuliwa zaidi. Alpert alikuwa karibu kukata tamaa alipolitaja suala hilo kwa mhandisi kijana wa maabara yake, Donald Bitzer, ambaye ndiyo kwanza anamaliza shahada ya uzamivu. Bitzer akamjibu kwamba anaweza kutengeneza kitu cha kuonyesha.

Akatengeneza. Mwaka 1960 PLATO ya kwanza ilifanya kazi juu ya ILLIAC I, kompyuta ya taa za vakyumu iliyojengwa chuoni hapo na kuanza kazi mwaka 1952. Ilimhudumia mwanafunzi mmoja tu, aliyekaa mbele ya televisheni ya kawaida na vitufe vichache. Mwaka 1961 ikahudumia wawili kwa wakati mmoja. Leo wawili si kitu. Wakati ule kompyuta ilikuwa kitu cha zamu, huyu amalize ndipo yule aanze, na kuigawa mashine moja kwa watu wawili bila mmoja kumsikia mwenzake lilikuwa jambo la kustaajabisha wahandisi wenyewe. Kufikia 1967 kazi ilikuwa imekua kiasi cha kuwa na kituo chake, CERL, Bitzer akiwa mkurugenzi.

Skrini yenye kumbukumbu

Picha kwenye skrini ya televisheni ya zamani hufifia upesi, kwa hiyo ni lazima ichorwe upya makumi ya mara kwa sekunde. Ili ichorwe upya, ni lazima ihifadhiwe mahali, yaani kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kumbukumbu miaka ile ilikuwa ghali mno. Kwa mwanafunzi mmoja gharama ingevumilika. Bitzer alikuwa akiwaza maelfu.

Yeye, Gene Slottow na mwanafunzi wao Robert Willson wakaligeuza tatizo: skrini yenyewe ndiyo ikumbuke. Walichukua vioo viwili, wakapitisha nyaya nyembamba zilizokatizana, katikati wakaweka gesi yenye neoni. Pale nyaya mbili zinapokatizana, msukumo wa umeme huiwasha gesi ikawa nukta ya mwanga. Kisha umeme mdogo zaidi, unaokwenda na kurudi, huendelea kupita skrini nzima: hauna nguvu za kuiwasha nukta iliyozimika, lakini unatosha kuidumisha iliyokwisha kuwashwa. Nukta ikiwaka hubaki inawaka mpaka iamriwe kuzima. Kompyuta haina haja ya kukumbuka chochote. Rangi ilikuwa moja tu, ya chungwa, kwa sababu ndiyo rangi ya neoni.

Mwaka 1972 ndipo ilipokuja PLATO IV, na hapo mwanafunzi alipata skrini ya nukta 512 kwa 512, yaani zaidi ya 262,000. Kwa kuwa kioo kilikuwa kinapenyeza mwanga, wahandisi wakapata wazo la pili: kumulika picha za rangi kwa nyuma, kutoka kwenye filamu ndogo iliyochaguliwa kwa mtambo uliosukumwa na hewa iliyoshindiliwa. Mwanafunzi wa biolojia aliona picha halisi ya kiumbe, na juu yake mistari na majina yanayochorwa na kompyuta. Pembeni mwa kioo kulikuwa na miali ya infraredi isiyoonekana, iliyoikata skrini katika miraba 16 kwa 16. Mtoto akigusa kioo kwa kidole, anakata miali miwili, na mashine inajua amegusa mraba gani. Ilikuwa imebaki miaka 35 kabla ya iPhone.

Vioo hivyo vilitengenezwa na kampuni ya vioo ya Owens-Illinois, na mashine za wanafunzi ziliundwa na Magnavox. Mwaka huohuo wa 1972 watafiti wa Xerox PARC, kituo cha California kinachosifiwa kwa kuipa kompyuta ya mezani sura yake, walifika Urbana na kutembezwa. Sidhani kwamba walirudi nyumbani mikono mitupu.

Mwalimu aandike mwenyewe

Mitambo peke yake haifundishi. Mwaka 1967 Paul Tenczar, mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa akisomea wanyama wala si kompyuta, alichoka kuona kila somo likipitia mikononi mwa wataalamu wa programu. Akaunda lugha iliyoitwa TUTOR, nyepesi kiasi kwamba mhadhiri wa kemia au mwalimu wa Kilatini aliweza kuketi na kuandika somo lake. Uhodari wake ulikuwa katika kusahihisha. Mwalimu alitaja jibu, akataja maneno yanayoweza kuwepo au kukosekana bila kuharibu jibu, akataja na visawe. Mwanafunzi akiandika sentensi yake, neno lililokosewa tahajia lilipigiwa mstari, la ziada likatiwa alama, na lililokaa mahali pasipo pake likaonyeshwa kwa mshale. Kila mwalimu mwenye darasa la watoto sabini na rundo la madaftari mezani ataelewa thamani ya hilo.

Baadhi ya masomo yaliyoandikwa yangesifiwa hata leo. Katika somo la jenetiki, mwanafunzi alichagua nzi wa matunda dume na jike, akawazalisha, akahesabu wajukuu wenye mabawa mafupi au macho ya rangi nyingine, akabuni kanuni na kuijaribu tena. Katika maabara ya kweli kazi hiyo huchukua wiki nyingi, na nzi hutoroka. Mkemia Stanley Smith aliwaachia wanafunzi wake wachemshe mchanganyiko wa vimiminika kwenye skrini na kukusanya mvuke wake, na aliyezidisha moto aliyaona matokeo bila kuumia. Watoto wa shule ya msingi walikuwa na mchezo wa vishale: maputo yametundikwa kwenye mstari wa namba, na ili kulipasua moja sharti uandike sehemu au desimali ya mahali lilipo. Ukikosea, kishale kinakwenda pale ulipoandika na kunasa hapo, nawe unaona kwa macho yako kwamba robo tatu iko mbele ya theluthi mbili.

Ninaoupenda zaidi ni ule wa safari ya kuelekea magharibi ya Marekani. Mtoto hupewa namba tatu, azipange kwa alama za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya apendavyo, na jibu linalopatikana ndilo idadi ya hatua atakazosogea njiani. Mjanja hatafuti jibu kubwa kila mara, maana ziko njia za mkato, na ukitua pale alipo mpinzani wako unamrudisha nyuma. Watafiti John Seely Brown na Richard Burton baadaye waliuchukua mchezo huu na kuupa kocha wa kompyuta, kwa sababu walikuwa wameona jambo: mtoto akishapata mpangilio mmoja unaomfaa, hung'ang'ania huohuo na kuacha kutafuta mwingine. Walichobuni ni mashine inayomchungulia mchezaji, inakaa kimya muda mwingi, kisha inamnong'oneza pale tu anapopoteza nafasi nzuri. Kujua wakati wa kunyamaza ni sehemu kubwa ya ualimu, na nijuavyo mimi haifundishwi sana vyuoni.

Kijana wa miaka 17 na ubao wa malalamiko

Mfumo ulipokua, watumiaji walihitaji mahali pa kuripoti hitilafu. Palikuwa na faili moja la wazi ambalo yeyote aliweza kuandika humo, na yeyote aliweza kufuta ya mwenzake, bila kuacha jina. Agosti 1973 David Woolley, kijana wa miaka 17, aliandika programu ya kumaliza fujo hiyo. Kila ujumbe ulipachikwa jina na tarehe na mashine yenyewe, haukuweza kuguswa na mwingine, na chini yake majibu yalijipanga moja baada ya jingine, hadi 63. Aliiita Notes. Ndiyo mama wa mabaraza ya mijadala tunayoyajua.

Mwaka huohuo Doug Brown akaunda Talkomatic, ambamo watu watano waliweza kupiga soga kwa pamoja, kila mmoja na kisanduku chake kwenye skrini. Herufi zilionekana zikiandikwa mojamoja, pamoja na makosa na kufutafuta kwake, tofauti na soga za leo ambapo mwenzako unaona tu nukta tatu zikicheza mpaka atume. Muda mfupi baadaye ukaja ujumbe wa faragha wa mtu na mtu, barua pepe kwa maana yoyote ile. Watumiaji wakagundua pia kwamba ukiandika herufi moja, ukairudia nafasi ile ile na kuandika nyingine juu yake, unapata sura ya mtu anayecheka, anayekunja uso au anayekonyeza. Wakawa wanapelekeana nyuso hizo miaka mingi kabla ya 1982, mwaka ambao vitabu hutaja kuwa wa kuzaliwa kwa alama ya tabasamu katika chuo kingine, Carnegie Mellon. Mmoja wa wanafunzi waliokulia katika Notes, Ray Ozzie, alikuja kuunda Lotus Notes, programu iliyoingia katika maofisi mengi duniani tangu 1989.

Kwa nini vijana? Kwa sababu Bitzer aliwaruhusu. Wanafunzi wa sekondari waliingia kituoni, wakapewa kazi, wakaachiwa kugusa viungo vya ndani vya mfumo uliogharimu mamilioni ya fedha za serikali. Si kila mkurugenzi angelala usingizi usiku.

Wengine hawakusubiri ruhusa. Mwaka 1975 Rusty Rutherford aliandika mchezo wa kuzurura mapangoni na kupambana na mazimwi, mmoja wa michezo ya kwanza kabisa ya aina yake, akauhifadhi chini ya jina la faili la kikazi, pedit5, ili wakubwa wasishtuke. Walishtuka, wakaufuta. Ukarudi, wakaufuta tena. Warithi wake walikuwa wengi, na mmoja, Avatar wa mwaka 1979, uliwakusanya makumi ya wachezaji kutoka miji mbalimbali ndani ya pango moja. Hata mchezo wa peke yako wa kuokota vigae vya mahjong viwili viwili, uliojaa kwenye kompyuta za maofisini duniani, ulianza kwenye PLATO mwaka 1981. Aliyeutunga, Brodie Lockard, alikuwa amepooza mwili baada ya ajali ya jimnastiki, akawa anaandika kwa kijiti alichokishika mdomoni.

Sasa hesabu yenyewe. Kati ya Septemba 1978 na Mei 1985, watumiaji wa mfumo wa Urbana walitumia jumla ya takriban saa milioni 10. Zaidi ya milioni 3 kati ya hizo zilikwisha ndani ya Notes, na kama laki sita ndani ya Avatar. Theluthi nzima ya muda wa chombo cha kufundishia ilikwenda kwenye mazungumzo! Mkaguzi wa fedha angesema ni ubadhirifu. Lakini humo ndani mwalimu wa Kemia aliulizana na mwenzake wa mji wa mbali kuhusu somo lililomshinda, na kijana wa shule akamsahihisha mhandisi mwenye shahada tatu.

Je, walijifunza zaidi?

Swali hili serikali ililiuliza rasmi. Taasisi ya mitihani ya ETS, ile inayotunga TOEFL, ilipewa kazi ya kuupima mfumo, na ripoti zake zikatoka mwishoni mwa miaka ya 1970. Katika vyuo vya jamii, wanafunzi na walimu waliipenda PLATO, ila alama za mitihani hazikuonyesha tofauti ya kudumu kati ya walioitumia na wasioitumia. Katika shule za msingi, watoto waliosoma hisabati walipiga hatua inayoonekana. Waliojifunza kusoma hawakupiga. Mfumo mshindani uliofadhiliwa na serikali hiyohiyo, TICCIT, ulipata matokeo ya kufikirisha zaidi: waliomaliza kozi kwa mashine walifanya vizuri kuliko wenzao wa darasani, lakini waliomaliza walikuwa wachache mno. Anayefuatilia kozi za bure za mtandaoni za miaka hii atalitambua tatizo hilo mara moja.

Mimi ninazisoma ripoti zile tofauti kidogo. Somo la nzi na somo la vishale yalikuwa mazuri kwa sababu mtu aliyelijua somo lake alikaa muda mrefu akiliandika na kulijaribu kwa wanafunzi hai. Mengine mengi yalikuwa kurasa za kitabu zilizohamishiwa kwenye skrini, na mwanafunzi akibonyeza kitufe cha NEXT mpaka mwisho. Ukiyapima yote kwa mizani moja, wastani utatoka vuguvugu.

Na gharama nayo ilikuwa kikwazo. Kila mashine ilihitaji laini ya simu hadi kwenye kompyuta kuu. Katika kipindi hicho watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambao nao walikuwa wamefundisha hesabu kwa kompyuta kwa miaka mingi chini ya Patrick Suppes, walijiuliza kama mbinu yao ya swali, jibu na sahihisho la papo hapo ingeweza kusafiri kwa chombo cha bei ya chini. Wakachukua redio. Walianzia Nikaragua katikati ya miaka ya 1970: redio inauliza, inanyamaza, darasa zima linajibu kwa sauti, redio inataja jibu sahihi. Njia hiyo ilifika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Taasisi ya Elimu ya Kenya ilipoijaribu kufundishia Kiingereza madarasa matatu ya mwanzo ya shule ya msingi. Baadaye Zanzibar ikawa na kipindi chake cha watoto wadogo, Tucheze Tujifunze, katika Kiswahili. Hakuna neoni wala kugusa kioo, lakini anayesikiliza atautambua mdundo wa maabara.

Mwisho wa kituo

William Norris, mkuu wa kampuni ya kompyuta ya Control Data, aliamini kwamba PLATO ingekuwa biashara kubwa. Kampuni yake ikachukua haki za kuuza mfumo mwaka 1976, ikamwaga mamia ya mamilioni ya dola, na haikuyarudisha. Kompyuta ndogo za mezani zilikuwa zimeshaingia: hafifu, bila laini ya simu, lakini unainunua mara moja na ni yako. Mwaka 1989 Control Data iliuza biashara ile, na mwaka huohuo Bitzer akahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina. CERL ikafungwa miaka ya 1990. Tawi lake moja, NovaNET, liliendelea kuhudumia shule za sekondari za Marekani, hasa vijana waliokuwa wakirudia masomo, hadi 2015. Televisheni za plazma nazo zilikuwa zimeacha kutengenezwa na makampuni makubwa wakati huo. Bitzer alifariki Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 90.

Mfumo wenyewe haujafa. Wapenzi wake wameufufua kwenye intaneti kwa jina la Cyber1, ukiwa na maelfu ya masomo ya zamani, Notes, Avatar na vinginevyo, na akaunti hutolewa bure kwa anayeomba. Kibodi za leo hazina kitufe cha NEXT, kwa hiyo Enter ndiyo inayofanya kazi hiyo.